Gili-danda Yataka Sheria Kabla ya Ligi

Mazungumzo yetu leo yanakwenda India, kwenye mchezo wa vijiti viwili unaoitwa gili-danda. Ni mchezo wa zamani sana, na vizazi kwa vizazi vya watoto wa vijijini, kuanzia Punjab hadi Tamil Nadu, vimekua vikiucheza. Leo watoto wengi wa mijini huko wanaujua kwa kusimuliwa na babu zao tu. Sasa wapo watu wanaotaka kuufufua. Wanataka uandikiwe sheria, upate waamuzi na mashindano, uingie mashuleni, na siku moja upate ligi yake.

Mimi nawaunga mkono kwa moyo wote. Lakini nina neno moja la kuwaambia, nalo ndilo nitakaloligeuza huku na huku jioni hii: waanze na sheria, ligi ije baadaye. Sheria ya mchezo ni haki ya mchezaji. Mchezo ukipangwa huku haki hiyo imesahauliwa, viongozi watapata vyeo, televisheni itapata picha nzuri, na mtoto aliyeshika kijiti ataambulia patupu.

Kwanza nikueleze mchezo wenyewe, wewe ambaye hujauona. Danda ni fimbo ya mti mgumu, urefu wake kama sentimita 60. Gili ni kipande kifupi, sentimita saba au nane hivi, kimechongwa ncha huku na huku, kiasi kwamba ukikilaza chini ncha zake haziligusi vumbi. Duka la vifaa halipo. Tawi moja la mti na kisu kikali vinatosha, na watoto kumi wamepata kazi ya kutwa nzima.

Unachimba kishimo chembamba ardhini. Gili unailaza juu yake kwa kukingama, danda unaipenyeza chini yake, halafu unairusha mbele kwa nguvu. Wapinzani wametawanyika, mikono wazi. Wakiidaka kabla haijagusa chini, umetoka. Wakishindwa kuidaka, unailaza danda yako juu ya kishimo, nao wanairusha gili kutoka pale ilipoangukia, wakiilenga danda. Wakiigonga, umetoka. Wakiikosa, hapo ndipo uhondo unapoanza.

Sasa unaifuata gili ilipolala. Unaigonga ncha yake kwa danda, kidogo tu, ti! Inaruka ikizunguka hewani, juu ya goti, karibu na kiuno. Kabla haijaanza kushuka, unaipiga kwa nguvu zako zote, pa! Pigo la kwanza linataka wepesi wa kiganja, la pili linataka nguvu za bega, na kati ya mapigo hayo mawili macho hayana ruhusa ya kupepesa. Kwa kawaida una nafasi tatu. Anayeujua mchezo huiacha gili ipande mpaka pale inaposita angani, ndipo anaipiga. Mgeni huipiga mapema akakata upepo.

Gili ikishaanguka mbali, pointi zinahesabiwaje? Kwa danda ileile. Unaulaza mti wako chini, mara moja, mara mbili, mara ishirini, kutoka ilipolala gili hadi kwenye kishimo, na hesabu hiyo ndiyo pointi zako. Sehemu nyingine wana desturi ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mpigaji hapimi. Anatazama umbali, anakisia, anatamka: naomba ishirini. Wapinzani wakiona ni haki, wanampa. Wakishuku, wanasema tupime. Ikipatikana ishirini au zaidi, anazipata pointi zake. Ikipungua, amepoteza zamu. Hebu itafakari sheria hiyo, msikilizaji. Mtoto wa miaka tisa anafundishwa kukadiria kwa jicho, anafundishwa kutodai kisicho chake, na mwenzake anafundishwa kwamba kumpinga mtu kuna utaratibu wake, huna haja ya kumkunja shati.

Basi mchezo mzuri namna hii umepoteaje mitaani? Majibu yanajulikana. Viwanja vya wazi vimejengwa majumba. Masomo ya ziada yamemeza alasiri za watoto. Kisha ikaja kriketi na televisheni. Tarehe 25 Juni 1983 India ilitwaa Kombe la Dunia la kriketi pale Lord's, London, na tangu siku hiyo watoto wengi zaidi walikuwa na shujaa wa kumuiga, naye shujaa huyo ameshika gongo la kriketi. Mwaka 2008 ikaanza ligi ya kriketi ya IPL yenye mamilioni ya fedha. Gili-danda haikuwa na ligi, haikuwa na kombe, haikuwa na shujaa ambaye picha yake ingebandikwa ukutani.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, katika michezo msemo huu hautoshi. Nchini Nepal, gili-danda huitwa dandi biyo, na kwa miaka mingi watu walizoea kuihesabu kuwa mchezo wa taifa. Mwezi Mei mwaka 2017 serikali ya Nepal ilipokaa kulitamka jambo hilo rasmi, ilichagua mpira wa wavu, mchezo uliozaliwa Marekani. Dandi biyo ilikuwa na mapenzi ya watu na kumbukumbu zao. Mpira wa wavu ulikuwa na nyavu zilizofungwa, timu, ratiba na mashindano kila upande wa nchi. Mapenzi bila mpangilio yalishindwa mchana kweupe.

Kwa hiyo mpangilio unahitajika. Swali ni mpangilio wa namna gani, na kwa faida ya nani. Hapa nataka nikupeleke kwa Premchand, mwandishi mkubwa wa Kihindi na Kiurdu aliyefariki mwaka 1936. Aliandika hadithi fupi aliyoipa jina la mchezo huu huu. Msimulizi wake ni mtoto wa mtu mwenye cheo. Utotoni alikuwa na mwenzake maskini aitwaye Gaya, na katika gili-danda Gaya alikuwa bingwa wao. Siku moja mtoto wa mkubwa alitaka kukimbia bila kulipa zamu yake, Gaya akamtandika. Wakati ule cheo cha baba hakikumsaidia mtu. Deni la zamu ni deni.

Miaka inapita. Msimulizi anarudi mji ule akiwa mhandisi wa serikali. Anamtafuta Gaya, anamkuta ni saisi, mtunza farasi wa afisa mmoja. Anamwomba wacheze kama zamani. Wanakwenda mahali pa faragha, mbali na macho ya watu. Mhandisi anacheza vibaya, anadanganya waziwazi, anatoka na kukataa kwamba ametoka. Gaya hasemi kitu. Anakubali kila hila, anakosa kila shabaha. Mhandisi anaondoka akidhani mwenzake amesahau mchezo. Kesho yake anahudhuria pambano la kweli, Gaya akicheza na wenzake, na anaona vipigo ambavyo hajapata kuviona. Hapo ndipo anapoelewa: jana Gaya hakucheza naye. Jana Gaya alimstahi mkubwa.

Mimi katika hadithi hiyo naona sababu kubwa kuliko zote ya kuupanga mchezo. Watu wengi wanaotetea michezo ya jadi huzungumzia utamaduni, urithi, fahari ya taifa. Hayo ni mema. Lakini fahari ya taifa haikumpa Gaya haki yake siku ile. Angepewa haki na nini? Na mstari uliochorwa chini, mwamuzi aliyesimama kando, na kanuni inayosema kwamba gili ikigonga danda umetoka, uwe mhandisi au saisi. Nchi ambayo tabaka la kuzaliwa limewagawa watu kwa karne nyingi inauhitaji mstari huo zaidi ya wengine. Mwamuzi asiyeuliza jina la baba yako ni zawadi kubwa kwa mtoto wa maskini. Huo ndio msingi wa kwanza wa sheria: inamlinda mnyonge asilazimike kukosa shabaha kwa makusudi.

Msingi wa pili ni mwili, na hasa macho. Tuseme ukweli, tusiufiche kwa mapenzi. Gili ni kipande cha mti chenye ncha mbili, kinaruka kwa kasi na hakuna ajuaye kitakwenda wapi. Madaktari wa macho wa India wamekuwa wakiandika kwa miaka mingi juu ya watoto wanaofikishwa hospitalini jicho likiwa limechomwa na gili, na wengine kati yao wamepoteza uwezo wa kuona. Mama anayemkataza mwanawe asicheze anastahili kusikilizwa. Ana hoja, na hoja yake lazima ijibiwe kwa vifaa na vipimo.

Majibu yapo. Miwani ya kinga kwa kila aliye ndani ya uwanja. Ncha za gili zichongwe butu, au za watoto zitengenezwe kwa mpira mgumu. Mpira na mti haviruki sawa, najua, na wazee watanuna. Lakini kriketi yenyewe ina mpira wa ngozi kwa wakubwa na mpira wa tenisi kwa watoto wa mtaani, wala hakuna aliyesema mtoto wa mpira wa tenisi hachezi kriketi. Pia pawe na mstari ambao mdakaji haruhusiwi kuuvuka mpaka pigo limepigwa, na watazamaji wakae nyuma ya mpigaji, wala si mbele yake. Mambo haya hayapendezi kwenye hotuba za uzinduzi, hayana shangwe. Lakini shule haitaruhusu mchezo ambao bima yake ni dua ya mzazi.

Msingi wa tatu ni kwamba sheria ijulikane kabla ya mchezo kuanza, na iwe moja kwa wote wanaokutana uwanjani. Nitakupa mfano wa karibuni kutoka kwa ndugu yake gili-danda, yaani kabadi, mchezo ambamo mshambuliaji huvuka upande wa wapinzani kuwagusa na kurudi kwake. Tarehe 7 Oktoba 2023, mjini Hangzhou, China, India na Iran zilikutana katika fainali ya wanaume ya Michezo ya Asia. Ikiwa imebaki dakika moja hivi, mshambuliaji wa India akaingia eneo la pembeni bila kumgusa mtu, walinzi wa Iran wakamfuata humo humo. Nani ametoka? Kulikuwa na sheria ya zamani ya kimataifa, na kulikuwa na sheria mpya iliyokuwa ikitumika kwenye ligi ya India. Sheria moja ilitoa jibu hili, nyingine ikatoa jibu lile. Waamuzi wakatoa uamuzi, wakaubadilisha, wakaubadilisha tena. Wachezaji wakaketi chini uwanjani. Mchezo ukasimama kwa muda wa kama saa nzima, mbele ya macho ya bara zima. Mwishowe India ikapewa ushindi, 33 kwa 29. Medali ya dhahabu ilipatikana, lakini fikiria vijana wale wa pande zote mbili waliojiandaa kwa miaka mingi, halafu mchezo wao ukaamuliwa kwa mabishano ya watu wenye karatasi.

Hiyo ni kabadi, mchezo uliokwisha kuandikiwa sheria tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 na vilabu vya Maharashtra. Gili-danda ndiyo kwanza inakusanya za kwake. Wamarathi wanaiita viti-dandu, Wabengali danguli, Watamil kiti-pul, na kila jimbo, pengine kila kijiji, lina namna yake. Hapa kishimo, pale mawe mawili. Hapa unahesabu kwa danda, pale unaomba pointi. Kuna mitindo ambamo gili inawekwa juu ya mguu au juu ya ngumi kabla ya kupigwa, na kila hesabu ina mahali pake. Timu ya Pune ikikutana na timu ya Madurai bila kitabu kimoja, watabishana mpaka magharibi.

Lakini kuchagua sheria moja ya mashindano hakumaanishi kuziua nyingine. Kabadi yenyewe imetuonyesha. Ile inayochezwa kwenye Michezo ya Asia, ya uwanja wa mstatili na wachezaji saba kila upande, imeenea duniani. Hata hivyo Wapunjabi hawakuiacha kabadi yao ya duara. Wanaicheza mpaka leo kwenye maonyesho ya vijijini, na wamehama nayo hadi Kanada na Uingereza, ambako umati hujaa kuitazama. Kitabu cha mashindano kiwe mkataba wa wageni wanapokutana. Nyumbani kila mtu acheze kama alivyofundishwa na kaka yake.

Na ningekuwa na sauti kwenye kamati ya kuandika kitabu hicho, ningeisihi jambo moja: msiiondoe ile desturi ya kukisia na kuomba pointi. Mtashawishika kuleta utepe wa kupimia, hata mashine za mionzi. Zileteni kwa ajili ya kukata shauri tu. Mpigaji atamke kwanza hesabu yake, mpinzani akubali au apinge, ndipo kipimo kifuate. Mtazamaji nyumbani atashika roho. Na mchezo utabaki na tabia yake ya kumlea mtoto awe mkweli.

Sasa tuje kwenye fedha, maana wengi wanaposikia kuufufua mchezo wanawaza fedha kwanza. Ligi ya Pro Kabaddi ilianza mwaka 2014. Kabadi ikaonyeshwa juu ya mikeka ya sponji chini ya taa, shambulio likapewa sekunde 30, na mchezo uliodharauliwa kuwa wa washamba ukaingia sebuleni kwa matajiri. Kwenye mnada wa mwaka 2023, Pawan Sehrawat alinunuliwa kwa zaidi ya rupia milioni 26. Mimi nafurahi sana kuona kijana anajenga nyumba ya wazazi wake kwa jasho la mchezo wa babu yake. Kho-kho nayo, mchezo wa jadi wa kukimbizana, imefuata njia hiyo: ligi mwaka 2022, na Januari 2025 Kombe la Dunia la kwanza mjini New Delhi, ambalo India ililitwaa kwa wanaume na kwa wanawake, zote mbili kwa kuifunga Nepal.

Na hapa Afrika Mashariki tunaguswa, msikilizaji. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 12 za Kombe la Dunia la Kabadi mwaka 2016 kule Ahmedabad. Katika lile Kombe la Kho-kho la mwaka 2025, wanawake wa Uganda walifika nusu fainali. Mabinti wa Uganda wamewezaje kucheza mchezo ambao bibi zao hawakuusikia? Kwa sababu sheria zake zimeandikwa. Mchezo ulioandikwa unasafiri. Ukifika kwa wengine, nao wanakuwa na haki ya kukushinda. Wanaume wa India walichukua dhahabu ya kabadi katika Michezo ya Asia mara saba mfululizo, kuanzia Beijing mwaka 1990. Mwaka 2018 kule Jakarta, Iran ikawaangusha, wanaume kwenye nusu fainali na wanawake kwenye fainali. Wapo waliolia. Mimi naona siku ile kabadi ilihitimu, maana mchezo ambao mwenye nyumba hushinda kila siku bado ni ngoma ya nyumbani.

Tazama, hata hivyo, mpangilio wa miaka. Kabadi ilipata sheria mwanzoni mwa karne ya 20, ikapata shirikisho, ikaingia mashuleni, jeshini na kwenye timu za reli, ikapata medali za Asia mwaka 1990, na ligi ya fedha ikaja mwaka 2014. Ligi ilivuna shamba ambalo wengine walilima kwa miaka 90. Anayetaka kuianzishia gili-danda ligi ya taa na muziki mwakani, kabla shule hazijawa na miwani ya kinga, anataka kuvuna siku ya kupanda.

Na msingi wa nne, ambao viongozi hawapendi kuusikia: sheria iwafunge na wao. Shirikisho la kabadi la India lilikaa kwa miongo mikononi mwa watu wachache wa karibu karibu, mpaka mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ikaingilia kati, ikaliweka chini ya msimamizi. Katika nchi iliyouzaa, mchezo ukaendeshwa kwa amri ya mahakama. Michezo ya jadi inaponzwa na ugonjwa huu haraka, kwa sababu mwanzoni hakuna anayeijali, na mtu wa kwanza kugonga muhuri anajiona mwenye mali. Leo chama kimoja, kesho viwili, keshokutwa kila kimoja kina bingwa wake wa taifa, na mchezaji hajui cheti chake kitakubaliwa wapi. Wanaoianzishia gili-danda chama waandike kwenye ukurasa wa kwanza kabisa muda wa uongozi na ukomo wake, na wachezaji wapewe viti vya kupiga kura.

Nisisahau wasichana. Kwa desturi gili-danda imehesabiwa mchezo wa wavulana. Ukiandikiwa sheria leo, hakuna sababu ya kuubeba ubaguzi huo. Katika mchezo huu jicho na wakati vinashinda misuli. Msichana aanze siku ile ile na mvulana, kwa uwanja ule ule na saa zile zile, asingoje awamu ya pili.

Kuna habari njema. Mwaka 2022, India ikiadhimisha miaka 75 ya uhuru, wizara yake ya elimu ilitangaza mpango wa kuingiza michezo 75 ya asili mashuleni, na gili-danda imo. Huo ni mlango sahihi. Sisi Tanzania tunajua nguvu ya mlango wa shule: kijana anayekimbia kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, akiwa darasa la tano anakuwa mwanariadha kabla hajajua neno riadha lina maana gani. Mwalimu mmoja mwenye filimbi, kitabu cha kurasa kumi na miwani ishirini ya kinga, anaweza kufanya zaidi ya uzinduzi mkubwa wenye mawaziri.

Na India isijione iko peke yake. Mchezo wa namna hii umetapakaa duniani. Huko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, mchezo huo huitwa billarda, na wapenzi wake wameuundia ligi. Verona, Italia, walichagua njia nyingine: tangu mwaka 2003 kuna tamasha liitwalo Tocatì, ambapo mitaa ya mji mkongwe inageuzwa viwanja vya michezo ya jadi, na mchezo wao wa kijiti nao unachezwa hadharani. Mwaka 2022 UNESCO iliutambua mpango wa Tocatì kuwa mfano mwema wa kulinda urithi. Wengine ligi, wengine tamasha. India ni kubwa, ina nafasi ya vyote viwili, mradi tamasha liendelee kuwa la kila mtu na ligi iendelee kuwa ya haki.

Wasikilizaji wangu, sisi nasi tuna michezo yetu inayosubiri. Tuna rede ya mabinti, tuna kirumbizi cha fimbo huku pwani, tuna bao ambalo mabingwa wake wanazeeka barazani. Kila mmoja una sheria kamili, lakini sheria hizo zimo vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vinazikwa. Kabla hatujaitisha kamati, kabla hatujatafuta mfadhili, chukua daftari, umwendee mtu anayeujua mchezo, umwulize maswali ya saisi Gaya: mtu akidai hajatoka na ametoka, mnafanyaje? Mkubwa akidanganya, nani anamwambia? Majibu yake yaandike neno kwa neno, kisha mtafute mzee wa kijiji cha pili, umwulize hayo hayo. Panapotofautiana andika yote mawili, na mkiwaalika wageni kucheza, chagueni moja mbele ya kila mtu kabla zamu ya kwanza haijaanza.

Kazi hiyo haina gharama, na haihitaji kibali cha mtu. Anayeanza nayo wiki hii amekwisha kuufanyia mchezo wake zaidi ya ligi yoyote.